Majibu ya MaNkala

Mkhululi alipomaliza kubandika karatasi kwenye makopo ya jikoni, kila kopo lilikuwa na jina lake: SUKARI, CHUMVI, MAJANI, UNGA. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza, akazibandika kwa utepe aliokuja nao kutoka Johannesburg. Mama yake, MaNkala, alikuwa kwenye kiti chake kando ya jiko, mikono mapajani, akimtazama tu.

"Sasa hutapata shida, Mama," Mkhululi alisema, akitamka neno moja moja. "Ukitaka sukari, unasoma hapa."

"Sukari naipata mwaka wa hamsini sasa jikoni humu."

"Najua, Mama. Najua."

MaSiziba aliyasikia hayo akiwa chumba cha mbele, kwenye cherehani yake, akipinda ukingo wa sketi za sare ya shule. Alikuwa mjane wa kaka yake Mkhululi, na tangu mumewe azikwe alikuwa amebaki hapo mtaani Njube na mama mkwe wake, wakigawana ndoo za maji siku mabomba yanapokauka, na mshumaa siku umeme unapokatika. Aliendelea kushona. Mkhululi ndiye mtoto wa kiume aliyebaki, na gari lake lenye namba za Gauteng, za huko Johannesburg, lilikuwa limesimama mlangoni tangu Jumatano, majirani wanalizunguka kama bwana harusi.

Saa kumi ilipofika, MaNkala aliandaa chai. Mkhululi alijitilia kutoka kopo la SUKARI, akapiga funda moja, akaitema yote kwenye sinki. Ilikuwa chumvi. Akaja mbio hadi kwenye cherehani, kikombe mkononi.

"Unaona, shemeji? Hata na karatasi, bado anachanganya."

MaNkala alikuwa nyuma yake. "Sijachanganya. Nimehamisha karatasi zako. Nilitaka kujua kama wewe unaweza kutofautisha bila kusoma."

MaSiziba aliinamisha uso kwenye sketi ili asionekane akicheka. Lakini Mkhululi hakucheka, na MaSiziba alipoutazama tena uso wake, kicheko kilimkauka. Shemeji yake alikuwa na hofu.

Yote yalianzia kwenye bahasha. Sithabile, binti wa MaSiziba, alikuwa mtafiti mchanga wa chuo kikuu, na alikuwa amewapima kumbukumbu wazee arobaini wa mitaa ya Njube na Mpopoma. Utaratibu ulitaka kila aliyepimwa apewe majibu yake yamefungwa. Miwani ya MaNkala ilivunjika tangu Pasaka, kwa hiyo Mkhululi alipofika, mama yake akampa bahasha amsomee, kama mama yeyote anavyompa mwanawe barua. Mkhululi alisoma kimya, akaikunja, akasema, "Wanasema upumzike." Kisha akampelekea MaSiziba asome mwenyewe. Iliandikwa kwamba kumbukumbu ya mambo mapya imedhoofika kwa kiwango kikubwa, na kwamba mhusika asiachwe peke yake.

Mkhululi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliye mbali, na walio mbali wakiogopa hutaka kubeba. Alisema Jumapili angeondoka na mama yake. Kwake kulikuwa na chumba, kulikuwa na lifti, kulikuwa na msichana wa kumwangalia. Nyumba ingepangishwa. Jumamosi angekuja mzee Fanyana kutoka kijijini Tsholotsho, mdogo wa marehemu baba yao, ili jambo lifanyike kwa heshima.

"Na Mama mwenyewe ameulizwa?" MaSiziba alisema.

"Shemeji, mtu akisahau, unamuuliza nini?"

*

Habari hazina miguu lakini hufika. Ijumaa MaSiziba na MaNkala walikwenda dukani kununua mkate na mafuta. MaNkala alitoa noti kwenye leso yake, akailaza kaunta. Msichana wa duka, aliyekuwa akimwamkia kila siku kwa jina la ukoo, aliichukua noti ile, akahesabu chenji, akamkabidhi MaSiziba.

MaNkala alibaki na mkono umenyooshwa. Aliutazama mkono wake, kisha akaurudisha taratibu ndani ya shali. Njiani hakulalamika. Alizungumza juu ya upepo wa Agosti, na walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba akataja watoto wa MaKhabo wa mtaa wa juu, wote sita kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na yule aliyefia tumboni.

Jioni Sithabile alirudi kutoka chuoni, mama yake akamwonyesha karatasi. Binti aliisoma amesimama, mkoba bado begani.

"Namba kumi na saba," alisema. "Namba kumi na saba ni Bibi?"

Hakuwa amejua. Katika kazi yake majina yalifichwa. Yeye aliona namba tu, bahasha zilitumwa na ofisi. Aliketi kwenye rundo la vitambaa.

Ilibidi MaSiziba aelezwe upya kazi yenyewe, ingawa alikuwa amejivunia miaka mitano bila kuielewa vizuri. Sithabile alichunguza namna mtu anavyokumbuka na namna mashine inavyokumbuka. Mashine, alisema, ukiipa hadithi inaibeba yote, neno kwa neno, kwa sababu haijui lipi lina uzito. Mtu huangusha maneno njiani na kufika na mfupa wa hadithi. Ubongo ukianza kuchoka, huanza kuuangusha na huo mfupa, polepole, miaka kabla ya daktari kugundua. Kwa hiyo alitengeneza programu ya akili mnemba iliyomsimulia mzee hadithi fupi kwa lugha yake, kisha ikasikiliza mzee akiirudia. Za namna hiyo zilikuwepo, lakini kwa lugha za Wazungu. Wazee wa Njube walikuwa wakipimwa kwa hadithi za theluji, wakishindwa wanaambiwa akili zao zimekwisha.

"Na haikosei?"

"Inakosea, Mama. Lakini haiwezi kukosea mara thelathini na moja. Wazee thelathini na mmoja kati ya arobaini hawakurudisha karibu chochote." Alifuta uso. "Profesa Hlabangana anasema hayo ndiyo majibu yatakayotufungulia milango ya hospitali. Jumanne nasimama mbele ya baraza lao. Wakikubali, nina kazi ya miaka mitatu na kliniki tatu."

"Bibi yako leo amenitajia watoto wote wa MaKhabo."

"Ya zamani hubaki. Mapya ndiyo yanayoteleza." Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba, na MaSiziba aliona kwamba mwanawe alikuwa akijiambia mwenyewe.

*

Mzee Fanyana aliwasili Jumamosi saa nne na mfuko wa viwavi waliokaushwa wa mti wa mopane, kitoweo cha kwao, akauacha jikoni kwa shemeji yake MaNkala, wakataniana pale kwa muda juu ya nani kati yao atamzika mwenzake. Kisha akaja kuketi chumba cha mbele. MaNkala alibaki jikoni. Hakuna aliyemwita.

Mkhululi alieleza vizuri, bila kelele. Alisoma karatasi. Alisema hataki siku moja apigiwe simu kwamba mama yake amekutwa barabarani kwa gauni la kulalia. Mzee alisikiliza, kisha akamgeukia Sithabile akasema mashine ni yake, basi na aseme yeye.

Sithabile aliyakunjua maneno yake kwa shida. Alisema majibu yametolewa kwa njia ya haki, lakini yeye mwenyewe hakuwa ameisikiliza sauti ya bibi yake. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyerekodi, na programu ndiyo iliyohesabu. Ameomba ruhusa na amekuja na rekodi. Angependa waisikilize pamoja kabla ya kuamua.

Alifungua kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa. Ikatoka sauti ya mashine, laini, ikisimulia juu ya nungunungu aliyeazima chungu cha sungura akakivunja kisimani. Hadithi ilipokwisha, muuguzi alisema, "Haya bibi, na wewe tusimulie."

Kwa mbali ilisikika kengele ya shule ikilia mapumziko, na mwanamke akinadi mboga za asubuhi. Kisha sauti ya MaNkala:

"Nimesahau, mwanangu."

"Hata kidogo, bibi?"

"Hata kidogo. Unisamehe."

Mkhululi aliinamisha kichwa. Ilikuwa sauti ya mama yake, yenye adabu, ikijisalimisha, na ilimuuma. Lakini MaSiziba alikuwa bado anaisikiliza ile kengele.

"Hiyo ilikuwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne, Mama. Saa nne na nusu."

"Na wale wengine?"

"Wote ni asubuhi. Alasiri kliniki inafungwa."

Mzee Fanyana alianza kutikisika. Walidhani anakohoa, Mkhululi akanyanyuka kumletea maji, mpaka walipoona machozi ya kicheko yakimchuruzika kwenye mashavu.

"Mmewakusanya wazee wa watu," alisema alipopata pumzi, "jua linawaka, mkawaambia wasimulie ngano. Hamjui anayesimulia ngano mchana huota pembe?"

MaNkala alikuwa amesimama mlangoni, unga kwenye vidole. Sauti yake mwenyewe ndiyo iliyomleta. Aliuliza nani anasema amesahau, na Mkhululi akamjibu kwamba amesema mwenyewe, wamesikia wote.

"Ningesema nini? Msichana amevaa nguo nyeupe, amenipa chai na mkate, halafu ananiomba nifanye jambo la aibu mchana kweupe. Nimwambie hakufunzwa kwao? Nikasema nimesahau. Ndivyo mtu mzima anavyokataa bila kumvunjia mtu heshima." Akamgeukia mjukuu wake. "Wewe nilikulea. Ulipokuwa ukinijia saa sita, unanivuta sketi, Bibi nisimulie, Bibi nisimulie, nilikuwa nakujibu nini?"

MaSiziba alimwona binti yake, mwenye shahada ya uzamivu, akirudi nyuma miaka ishirini na zaidi, akitafuta, hadi alipofika.

"Ulikuwa unasema umesahau."

"Na jua likizama?"

"Unakumbuka."

"Basi sijui ni nani hapa alistahili kupimwa," MaNkala alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Mzee alicheka tena. Sithabile hakucheka. Aliifunga kompyuta, akaweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko chake, kama anayezuia kitu kisitoke. Thelathini na mmoja. Wote walikuwa wamekataa kwa adabu, naye alikuwa ameihesabu adabu yao kuwa ugonjwa.

Mkhululi peke yake ndiye aliyesema lililobaki, na alilisema kwa haki. "Sawa. Hakupimwa. Lakini hiyo haina maana kwamba ni mzima. Mpimeni tena inavyotakiwa. Mwisho wa mwezi nitarudi. Yakiwa mabaya, naondoka naye, na sitaki mtu anicheke."

"Ni haki yako, Baba mdogo," Sithabile alisema.

*

Jumanne alikwenda mbele ya baraza la hospitali akiwa na gauni la kijivu aliloshonewa na mama yake. MaSiziba hakuwepo, alisimuliwa baadaye, tena si na Sithabile bali na muuguzi mmoja aliyekuwepo, alipokuja kuchukua sare ya mwanawe.

Kumbe usiku wa kuamkia siku hiyo Profesa Hlabangana alikuwa amemsihi anyamaze. Majibu yalikwisha pelekwa, alisema. Baraza lingeyakubali, kasoro zingerekebishwa kliniki zikishafunguliwa, nani atajua? Sithabile akasimama, akaweka karatasi zake mezani, akawaambia wakubwa wale kwamba zote ni batili. Akawaeleza sababu. Wengine wao walikuwa watu wa hapo hapo, wamelelewa na bibi zao, wakaanza kutazamana na kutabasamu, halafu tabasamu zikawatoka, kwa kuwa hata wao walikuwa wamezisoma karatasi zile na hawakuona kitu. Mmoja alimuuliza kama anafahamu anachopoteza. Alisema anafahamu. Muuguzi alisema sauti yake ilitetemeka, lakini hakukaa chini mpaka alipomaliza, na aliomba barua ziandikwe kwa wazee wote thelathini na mmoja, kuwaomba radhi mmoja mmoja kwa majina yao.

Profesa aliondoa jina lake kwenye kazi ile. Posho ilikatwa. Wiki hiyo Sithabile alianza kufundisha hesabu kwa watoto wa watu mchana, na jua lilipozama alibeba kompyuta yake akapita nyumba kwa nyumba. Kwanza aliomba radhi. Kisha aliketi chini kwenye mkeka, si kwenye kiti, akasubiri giza liingie. MaSiziba alimwona akirudi na vumbi la Agosti hadi kwenye nyusi, akala ugali uliopoa, kisha akaweka vifaa vya kusikilizia masikioni. Sasa alikuwa akisikiliza kila sauti mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuiachia mashine. Mama yake alikuwa amemwona siku anavishwa joho, watu wakipiga vigelegele. Hakuwahi kumwona mkubwa kama alivyomwona majuma yale matatu.

Zamu ya MaNkala ilifika. Kwa kuwa ni bibi yake, Sithabile alimtuma mtafiti mwenzake arekodi, yeye akakaa nje. MaSiziba aliruhusiwa kubaki kando ya moto. Mashine ilisimulia hadithi nyingine, ya fisi aliyepewa mbuzi wa jirani amtunze. MaNkala aliisikiliza ameinamisha shingo, kisha akaichukua. Fisi wake alikohoa, alijikuna, aliapa kwa majina ya babu zake. Alimkemea msimulizi wa kwanza kwamba fisi gani huyo anayesema ukweli, akamrekebisha. Yule mtafiti kijana alisahau kazi yake akabaki anacheka. Mahali pamoja tu, fisi alipewa mbuzi, na baada ya kitambo kidogo akapewa tena mbuzi yuleyule, kwa maneno yaleyale. MaSiziba aliona ni mbwembwe za msimulizi.

Mashine haikuona mbwembwe.

*

Kati ya wazee arobaini, thelathini na sita walikuwa salama. Wanne walikuwa na dalili ndogo, na namba kumi na saba alikuwa mmoja wao. Sithabile alifungua namba ile mbele ya mama yake, siku mbili kabla ya Mkhululi kurudi. Hakulia. Alisikiliza sauti ile mara tatu, akaonyesha kwa kidole: hapa amerudia bila kujua, hapa jina limemchelewa, hapa tena.

"Hakuna anayeijua hii ila sisi," MaSiziba alisema. Hakuona aibu kulisema. Alikuwa amezika mume katika nyumba ile, na hakutaka kubaki humo peke yake.

"Nilisimama mbele ya watu nikasema karatasi ya kwanza ni ya uongo, Mama. Nikiificha hii, maneno yangu yale nayo yatakuwa uongo." Akasimama. "Lakini safari hii hatapewa mtu mwingine amsomee."

Alimkuta bibi yake uani akipepeta karanga. Aliketi chini karibu na miguu yake akamwambia yote, bila maneno makubwa: kwamba ni mwanzo, kwamba huenda ikachukua miaka, kwamba anaweza kuwa amekosea tena ingawa hadhani. MaNkala aliendelea kupepeta. Maganda yaliruka na upepo.

"Kwa hiyo bado sijasahau," alisema mwishowe.

"Bado, Bibi."

"Ila nitasahau."

"Labda. Kidogo kidogo."

"Mama yangu naye alikwenda hivyo. Hakuna aliyemwambia. Walikuwa wanamtazama tu." Aliweka ungo chini. "Wewe umeniambia. Una moyo, mtoto wewe."

Mkhululi alipofika Ijumaa, mama yake hakumngoja aanze. Alimkalisha kwenye kile kiti kando ya jiko, yeye akasimama, na MaSiziba na Sithabile wakaitwa washuhudie.

"Mashine ya mtoto imesema kweli safari hii," MaNkala alisema. "Kichwa changu kimeanza kuvuja. Nimeambiwa mimi kwanza, na mimi ndiye ninayekwambia wewe. Sasa nisikilize nikiwa bado mzima. Sitaki lifti. Nataka kuishi hapa. Utanipigia simu kila Jumapili uniulize nyumba hii ni ya nani. Siku nitakaposhindwa kujibu, njoo unichukue, na shemeji yako asikuzuie."

Mkhululi alimtazama Sithabile, kama anayetafuta mahali pa kubishia. Hakupaona. Karatasi ilikuwa upande wake, na bado alikuwa ameshindwa. Alisema sawa, Mama, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

*

Baraza la hospitali lilimwita Sithabile tena baada ya miezi minane, na katika kliniki zile tatu mpaka sasa kipimo hufanywa jua likishazama. Wauguzi wamepangiwa zamu yake. Jioni nyingi MaNkala aliketi na mjukuu wake wakarekodi hadithi alizokuwa nazo, moja moja, kabla hazijaondoka. Zilifika themanini na tatu.

Na kila Jumapili, baada ya ibada, simu ililia. MaSiziba ndiye aliyeishika sikioni mwa mama mkwe wake. Mkhululi aliuliza. MaNkala akajibu, mwanzoni kwa mzaha, kwamba nyumba ni ya mfalme, kwamba imeuzwa jana, halafu akasema ni yangu. Mwaka wa tatu mizaha ilikwisha. Mwaka wa nne alianza kumwita MaSiziba kwa jina la dada yake aliyekufa, na MaSiziba akaitika.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, baridi kali, simu ilipolia MaNkala alisikiliza, akakunja uso.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mkhululi, Mama. Mwanao."

Alifikiri. Jina halikumfikisha popote. MaSiziba alisikia pumzi ya shemeji yake upande wa pili, umbali wote ule, na alijua kwamba huyu mwanamume tayari anatafuta funguo za gari. Kisha Mkhululi akauliza kama alivyoahidi.

"Nyumba hiyo ni ya nani, Mama?"

"Yangu," MaNkala alisema papo hapo, kwa ukali wa mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Na wewe baba, kama una njaa, pita. Hapa hatumfukuzi mtu."

Mkhululi hakuja kumchukua. Alikuja mwezi wa Agosti, na mzee Fanyana, na watu wa kanisa, kulitoa jeneza lake kwa heshima kupitia mlango wa mbele.